Vipuri vya majiko ya zamani: Namna ya kuvitambua na mahali pa kuvitafuta

KUKOSEKANA kwa kipuri kidogo, mathalani tambi, ngozi ya pampu au skrubu ya kutolea upepo, kunatosha kuligeuza jiko lililoihudumia familia kwa miaka mingi kuwa chuma chakavu.

Tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa kaya zilizo mbali na miji. Miongoni mwa maeneo hayo ni Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu mkoani Shinyanga, iliyoanzishwa mwaka 2012 pale iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Kahama ilipogawanywa, na yenye makao makuu yake Nyamilangano. Kwa mkazi wa kata ya mbali kama Ulowa, safari ya kwenda Kahama mjini kutafuta kipuri cha bei ndogo huweza kugharimu nauli inayozidi bei ya kipuri chenyewe.

Jiko lisipopatiwa kipuri chake, familia hubaki na njia mbili. Ya kwanza ni kurudi kwenye mafiga matatu na mkaa. Ya pili ni kulitengeneza kwa kubahatisha, na njia hiyo ndiyo huleta moto, majeraha na wakati mwingine vifo.

Makala haya yanaeleza aina za majiko ya zamani yanayopatikana majumbani, vipuri vyake, vile vinavyoweza kutengenezwa na fundi wa karibu na vile ambavyo havipaswi kuigizwa kwa namna yoyote.

Kwa nini vipuri vimeadimika

Vipuri vilivyo vigumu kupatikana zaidi ni vya majiko ya mafuta ya taa, na sababu yake inaanzia kwenye kodi.

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa nishati ya mwananchi wa kipato cha chini. Tofauti hiyo ya bei iliwavutia wafanyabiashara wasio waaminifu, ambao walichanganya mafuta ya taa na dizeli na kuyauza kwa bei ya dizeli. Neno "uchakachuaji" likaenea nchi nzima.

Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wachakachuaji. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya 2011/12, Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka Sh 52 hadi Sh 400.30 kwa lita, na hivyo kuiondoa sehemu kubwa ya faida iliyokuwa ikitokana na kuchanganya.

Hatua hiyo iliyalenga magari na mitambo, lakini iligusa jikoni pia. Bei ya mafuta ya taa ilisogelea ile ya dizeli, na jiko lililokuwa mkombozi wa mpangaji wa chumba kimoja likawa ghali kuliendesha. Sanjari na hilo, taa za sola na mitungi midogo ya gesi viliingia sokoni, na koroboi ikaanza kupungua vijijini.

Mfanyabiashara wa vipuri huweka dukani kile kinachotoka haraka. Watumiaji walipopungua, tambi na vichwa vya stovu viliacha kuagizwa kwa wingi, ingawa majiko yenyewe bado yamo majumbani. Yapo yanayotumika kila siku na yapo yaliyowekwa stoo yakisubiri siku gesi au mkaa utakapokosekana.

Jiko la tambi

Jiko la mafuta ya taa linalofahamika zaidi ni lile la tambi, ambalo wengi huliita jiko la Mchina kwa sababu ya mahali lilikotengenezwa. Muundo wake ni mwepesi. Chini kuna tangi la mafuta. Juu ya tangi kuna mabomba madogo yaliyopangwa kwa duara, na kila bomba limebeba utambi. Juu ya tambi hukaa vikombe viwili vya bati vyenye matundu, kimoja ndani ya kingine.

Mafuta hupanda kupitia nyuzi za utambi kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa kilichochovywa ncha. Moto ukishika, vikombe hupata joto, mvuke wa mafuta huchanganyika na hewa inayopita kwenye matundu, na mwali huwa wa bluu usio na masizi.

Ni muhimu kuuelewa utaratibu huo, kwa kuwa unaonyesha kipuri gani kimechoka. Mwali wa njano na masizi kwenye sufuria ni dalili ya tambi zisizolingana urefu, vikombe vilivyopinda au matundu yaliyoziba. Moto hafifu usiopanda hata tambi zikiinuliwa huashiria tambi zilizoungua au kujaa uchafu. Harufu kali ya mafuta wakati jiko limezimwa ni ishara ya tangi linalovuja au kizibo kisichokaza.

Tambi ndicho kipuri kinachochakaa upesi, na pia ndicho rahisi kupatiwa mbadala. Sharti ni moja: ziwe za pamba tupu. Nyuzi za nailoni au za mchanganyiko huyeyuka zinapokutana na moto na kuziba bomba. Katika mkoa unaolima pamba kama Shinyanga, uzi wa pamba uliosokotwa si kitu cha kukosekana. Utambi unaofaa hupita kwenye bomba bila kulazimishwa wala kupwaya. Ukipwaya, mwali unaweza kushuka kuelekea kwenye tangi, na hiyo ni hatari.

Tambi hubadilishwa zote kwa pamoja. Kuweka mpya mbili kati ya nyingi zilizochoka huufanya mwali upande upande mmoja. Baada ya kufungwa, hukatwa kwa mkasi ili zilingane, kisha huachwa zinyonye mafuta kwa muda kabla ya kuwashwa. Utambi mkavu ukiwashwa huungua wenyewe badala ya kuunguza mafuta.

Vikombe vyenye matundu ni kazi ya fundi bati, lakini si kila fundi ataviweza. Ukubwa na mpangilio wa matundu ndio unaopima kiasi cha hewa. Kwa hiyo fundi anapaswa kupewa kikombe cha zamani, hata kikiwa kimeoza, ili anakili matundu yake badala ya kuyakisia.

Stovu ya pampu

Aina ya pili ni jiko la pampu, ambalo wazee hulifahamu zaidi kwa jina la stovu. Asili yake ni Sweden, ambako Frans Wilhelm Lindqvist alibuni stovu ya Primus mwaka 1892. Baadaye ilinakiliwa katika nchi nyingi, ikiwamo India, ambako zilitengenezwa kwa wingi.

Stovu haina tambi. Hewa husukumwa kwa pampu ndani ya tangi la shaba nyeupe, na mgandamizo huyapandisha mafuta hadi kwenye kichwa ambacho kimepashwa joto kwanza kwa spiriti. Hapo mafuta hugeuka mvuke, hutoka kwa nguvu katika tundu dogo la nozeli lisilofikia nusu milimita, na kuwaka kwa mwali wa bluu wenye kelele.

Vipuri vyake vinavyosumbua ni vitano: ngozi ya pampu, vali iliyo mwisho wa pampu, washa ya risasi inayokaa kati ya kichwa na tangi, nozeli yenyewe, na sindano ya kuizibulia.

Ngozi ya pampu ikikauka, mpini huenda na kurudi bila kujaza hewa. Dawa ya kwanza ni kuilowesha kwa mafuta ya kula hadi ilainike. Ikiwa imechanika, fundi viatu anaweza kukata nyingine kutoka ngozi halisi yenye unene unaofanana, ikalainishwa na kufinyangwa mithili ya kikombe kidogo. Plastiki na mpira wa gari havifai, kwa kuwa haviwezi kujitanua na kuziba kama ngozi.

Vali ya pampu ikishindwa, mafuta hurudi na kujaa ndani ya pampu, na wakati mwingine mpini husukumwa nje wenyewe. Stovu yenye dalili hiyo haiwashwi hadi vali ibadilishwe.

Nozeli ndipo mahali ambapo makosa mengi hufanyika. Ikiziba, mtu huchukua msumari mwembamba au waya wa baiskeli na kuutoboa. Tundu likipanuka hata kidogo, mafuta mengi kupita kiasi hutoka na mwali huruka juu. Nozeli iliyopanuliwa haitengenezeki, hutupwa. Sindano halali ya stovu ni waya mwembamba sana uliopimwa kwa ajili ya tundu hilo, na ni busara kununua kadhaa kwa mpigo pindi zinapopatikana.

Kulehemu tangi ni kazi nyingine isiyotaka haraka. Tangi lililomwagwa mafuta bado lina mvuke unaoweza kulipuka fundi anapowasha moto wake. Ni lazima lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni, likauke, na libaki wazi. Aidha, lehemu ya kawaida ya risasi na bati huyeyuka katika nyuzi joto 183 hivi za Selsiasi, kwa hiyo haifai karibu na kichwa cha stovu, ambako joto hupita kiwango hicho kwa mbali.

Mafuta yaliyochanganywa

Kipuri kizuri hakitamlinda mtumiaji ikiwa mafuta yenyewe yamechanganywa na petroli.

Mafuta ya taa yanayokidhi viwango hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hadi yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kiasi kidogo tu cha petroli ndani ya dumu la mafuta ya taa hubadilisha tabia ya mafuta yote, na jiko la tambi au stovu huweza kulipuka mara linapowashwa.

Hatari hiyo huja pia bila nia mbaya, pale dumu lililobebea petroli ya pikipiki linapotumika kununulia mafuta ya taa. Dumu la jikoni linapaswa kuwa la kazi hiyo pekee. Jiko halijazwi mafuta likiwa linawaka au likiwa bado la moto.

Bei kikomo za mafuta, yakiwamo mafuta ya taa, hutangazwa na EWURA kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Mafuta yanayouzwa kwa bei ya chini mno kuliko kikomo yanastahili kutiliwa shaka.

Jiko la mkaa lenye udongo

Majiko ya mkaa yenye kikombe cha udongo wa kuchoma yalianza kuenezwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la jiko bora. Yalifuata mfano wa yale yaliyokwisha kushamiri Kenya, ambayo nayo yalitokana na majiko ya Thailand. Udongo huhifadhi joto lisipotee pembeni, na hivyo mkaa hutumika kidogo kuliko kwenye jiko la bati tupu.

Kinachokufa kwanza ni kikombe hicho cha udongo. Mara nyingi hupasuka kwa sababu mkaa umezimwa kwa maji kikiwa bado na moto. Watu wengi hulitupa jiko zima, ilhali ganda la bati lingali zima.

Kipimo cha kununulia kikombe kipya ni kipenyo cha mdomo, kipenyo cha kitako na kina. Kikombe kinapaswa kuingia kwenye ganda na kubakiza nafasi ndogo pembeni, ambayo hujazwa mchanganyiko wa saruji kidogo, udongo na majivu. Jiko huachwa likauke siku kadhaa kivulini, kisha moto wa kwanza huwa mdogo. Kikombe kilichopata ufa mwembamba bila kuachana kinaweza kuendelea kutumika.

Katika Shinyanga, uhai wa jiko bora unahusiana moja kwa moja na uhai wa miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliwarejesha wananchi kwenye desturi ya kutenga ngitili, na maeneo yaliyokuwa jangwa yakaota tena. Kila jiko linalorudi kwenye mafiga huongeza mzigo kwa ngitili hizo, katika ukanda ambao tayari unahitaji kuni za kukaushia tumbaku.

Koili ya umeme

Jiko la umeme la koili, ambamo waya wa joto huonekana umejikunja kwenye sahani ya udongo mweupe, ndilo rahisi zaidi kupatiwa kipuri na ndilo linaloharibiwa zaidi na ufundi wa kubahatisha.

Waya huo ni wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Ukikatika, desturi ni kuzisokota ncha mbili na kuendelea. Matokeo yake ni mawili. Mosi, mahali pa kiungo hupata joto kupita sehemu nyingine, na hukatika tena. Pili, koili iliyofupishwa hupitisha umeme mwingi zaidi. Koili ya wati 1,500 katika umeme wa volti 230 hutumia takriban ampea 6.5. Ikipunguzwa sehemu moja ya kumi ya urefu wake, hufikia karibu wati 1,670 na ampea zaidi ya 7. Ikikatika mara tatu au nne na kuungwa, soketi na waya dhaifu wa nyumbani huanza kuyeyuka.

Koili mpya hununuliwa kwa kuangalia volti na wati zilizoandikwa kwenye kibao cha jiko. Majiko na vifaa vilivyoletwa kutoka Marekani hutumia volti 120 na havipaswi kuchomekwa moja kwa moja katika umeme wa Tanzania. Waya wa kawaida, uwe wa shaba au wa kufungia uzio, hauwezi kuwa mbadala wa koili.

Gesi haina mbadala

Kwa jiko la gesi kanuni ni fupi: hakuna kipuri cha kuigiza.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona na chini ya kitanda badala ya kutoka dirishani. Harufu yake kali huongezwa kiwandani kwa makusudi ili mvujo utambulike.

Vipuri vinavyochakaa ni mpira wa gesi, regileta, washa ndogo ya mpira kwenye maungio, na vitasa vya kufungulia moto. Mpira wa maji au wa gari haufai, kwa kuwa gesi hiyo huula na kuutoboa polepole. Mpira halali huwa umeandikwa kuwa ni wa gesi pamoja na mwaka wa kutengenezwa, na hubadilishwa unapoanza kukakamaa au kupata nyufa hata kama hauvuji bado. Regileta haifunguliwi wala kuchezewa. Ikiharibika hubadilishwa nzima. Kwa kuwa vali za mitungi hutofautiana, mnunuzi ahakikishe regileta inaendana na mtungi alionao kabla ya kulipa.

Uvujaji hukaguliwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti.

Majiko makubwa ya mtumba kutoka Ulaya yanahitaji uangalizi wa pekee. Mengi yake yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo nozeli zake zina tundu kubwa kuliko zile za gesi ya mtungi. Jiko la aina hiyo likiunganishwa na mtungi bila kubadilishiwa nozeli hutoa mwali mrefu wa njano, masizi na hewa ya sumu. Seti ya nozeli za gesi ya mtungi ndicho kipuri cha kwanza kutafutwa.

Mahali pa kutafuta

Utafutaji wa kipuri una ngazi zake, na anayeziruka hupoteza nauli.

Ngazi ya kwanza ni mafundi wa karibu na minada ya vijijini. Fundi bati, fundi viatu na fundi baiskeli kwa pamoja wanaweza kutengeneza sehemu kubwa ya vipuri visivyobeba mgandamizo. Ushetu ni eneo la wakulima wa tumbaku, na bani la kukaushia tumbaku ya mvuke lina tanuru na mabomba ya bati yanayohitaji kukunjwa na kuungwa. Mkono uliozoea kukunja bomba la bani hautashindwa na ganda la jiko.

Ngazi ya pili ni Kahama mjini, ambayo ipo kwenye njia kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi na imekua haraka kutokana na biashara na migodi ya dhahabu. Huko hupatikana koili, regileta, mipira ya gesi na vikombe vya udongo. Wauzaji wa vyuma chakavu wasisahaulike, kwa kuwa stovu mbovu moja huweza kutoa kichwa kizima au pampu kwa nyingine.

Ngazi ya tatu ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo lina ofisi mkoani Shinyanga. Kazi yenye hesabu, kama kuchonga hesi za kizibo au vali, inahitaji mashine ya kukereza na haifanyiki kwa tupa.

Ngazi ya nne ni Mwanza, hususan mtaa wa Makoroboi, uliopata jina lake kutokana na taa za koroboi zilizotengenezwa huko kwa vyuma chakavu. Kwa vipuri vya majiko ya mafuta ya taa, mafundi wa bati wa mtaa wa namna hiyo ni wa kuulizwa kabla ya kuagiza mbali.

Ngazi ya mwisho ni Dar es Salaam, katika maduka ya Kariakoo na Gerezani. Mnunuzi wa Ushetu halazimiki kusafiri. Picha ya kipuri iliyopigwa kando ya rula, malipo kwa simu na kifurushi kilichotumwa kwa basi hadi Kahama humaliza kazi. Tahadhari ni kutolipa fedha yote kabla ya kuona picha ya kipuri chenyewe kikiwa kimepimwa.

Mambo ya kubeba dukani

Mnunuzi anayekwenda na maelezo ya mdomo pekee hurudi na kipuri kisichoingia. Mambo yafuatayo hupunguza makosa:

1. Kipuri cha zamani chenyewe, hata kikiwa kimevunjika.

2. Jina na namba zilizogongwa kwenye tangi, kitako au kibao cha jiko.

3. Idadi ya tambi na kipenyo cha bomba la utambi, kwa jiko la tambi.

4. Kipenyo na hesi, kwa vizibo na vichwa vya stovu. Stovu za zamani nyingi hazifuati hesi za milimita zinazotumika kwenye boliti za siku hizi. Kulazimisha hesi isiyolingana huharibu tangi.

5. Volti na wati, kwa jiko la umeme.

6. Jina la kampuni ya mtungi na umbo la vali, kwa jiko la gesi.

Bidhaa mpya zikaguliwe alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mnunuzi aliyeuziwa kipuri bandia anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani (FCC), na risiti ndiyo ushahidi wake wa kwanza.

Jiko si hita ya chumba

Ushetu haina majira ya baridi kali kama ya Ulaya, lakini usiku wa Juni na Julai huwafanya baadhi ya watu kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto.

Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huweza kufariki bila kuamka. Jiko la mafuta ya taa lenye tambi mbovu na jiko la gesi lenye mwali wa njano hutoa hewa hiyo hiyo. Kwa hiyo rangi ya mwali ni kipimo cha usalama pamoja na kuwa kipimo cha ubora wa kipuri. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu zaidi ya mmoja ndani ya chumba ni amri ya kutoka nje mara moja. Moto ukizuka, namba ya simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Wakati wa kuliacha

Si kila jiko linastahili kuokolewa. Tangi lililotobolewa na kutu, stovu ambayo tangi lake limevimba au lina ufa, regileta yoyote ya zamani iliyovuja, na jiko la umeme linalopiga shoti mwili mzima ni vitu vya kuondolewa nyumbani. Kumpa jirani jiko la namna hiyo ni kumhamishia hatari.

Kwa mengine yote, hesabu ni ya kawaida. Bei ya kipuri, nauli na ujira wa fundi vikifikia nusu ya bei ya jiko jipya, na jiko hilo limekwisha kutengenezwa mara mbili au tatu, fedha hiyo ni bora iwe mwanzo wa kununua lingine.

Mwelekeo wa nchi nao unaingia katika hesabu hiyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku vijijini. Hata hivyo, mtungi wa ruzuku nao una mpira, washa na vali vitakavyochakaa. Bila duka la vipuri na fundi aliyefundishwa karibu na kijiji, jiko jipya la leo litafuata njia ile ile ya stovu hadi stoo.